Draivu ya DVD ikikata kata, si lazima iwe imekufa

Wengi tunaamini ukichomeka draivu ya DVD ya nje kwenye laptop, taa ikawaka, halafu diski inazunguka kidogo inakata, inazunguka inakata, basi imekufa au inadai CD ya draiva (programu ya kuiendesha). Inaeleweka, maana taa ikiwaka unajua umeme upo. Ila mara nyingi umeme upo lakini hautoshi: USB 2.0 ya kawaida inatoa miliampia 500, USB 3.0 inatoa 900, na mota ikianza kuzungusha diski inaweza kutaka zaidi ya hizo 500, ndo maana draivu zingine zinakuja na waya wenye vichwa viwili vya USB na watu wanakiacha kimoja kinaning'inia tu. Draiva yenyewe Windows na Mac wanayo tayari.

Jaribu mwenyewe, diski ileile: itoe kwenye habu (kile kigawanyio cha matundu ya USB), chomeka moja kwa moja kwenye laptop, vichwa vyote viwili. Ikisoma, ilikuwa njaa ya umeme. Bado? Weka diski isiyo na mikwaruzo, jaribu na kompyuta nyingine. Ikigoma na huko, hapo sasa shuku lenzi.