Mafuta yanayoitia ABL1 adabu

Wanafunzi wangu wa biokemia wakisikia kwamba jeni fulani "inaleta saratani", hudhani ni jeni mbovu tangu mwanzo. Hapo ndipo huwaletea ABL1. Sote tunayo, kwenye kromosomu ya 9, na panya wa maabara walionyimwa jeni hii wengi wao hufa mapema baada ya kuzaliwa.

Protini yake ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachotoa fosfeti kwenye ATP, molekuli inayoipa seli nishati, na kuibandika kwenye protini nyingine. Binadamu ana jeni za kinasi zipatazo 500. ABL1 imo katika kundi dogo linalobandika kwenye tairosini tu, mojawapo ya amino asidi zinazounda protini. Protini iliyobandikwa hubadilika umbo au hupata mshirika mpya, na ujumbe ukasonga mbele. Kwa njia hiyo ABL1 huisaidia seli kupanga nyuzi zake za aktini inapojongea, na kuchukua hatua DNA inapokatika.

Utamu wenyewe uko kwenye namna inavyojizuia. Katika aina ya ABL1 iitwayo 1b, ncha ya mwanzo ya protini imebandikwa mnyororo wa mafuta wenye kaboni 14. Mnyororo huo hujikunja ukazama katika kishimo kilicho upande wa chini wa sehemu ya kinasi. Ukishazama, vipande vingine vya protini hiyo hiyo, viitwavyo SH2 na SH3, huibana sehemu hiyo kwa nyuma, nayo ikatulia. Hiyo ndiyo breki.

Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi mno katika seli za wagonjwa wa CML, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. ABL1 hukatwa karibu na mwanzo wake na kuungwa na jeni iitwayo BCR. Sasa tazama kilichobaki nje: ile ncha yenye mafuta. Sehemu ya kazi iko salama salimini! BCR nayo huja na kipande kinachozikutanisha protini zinazotokana na muungano huo, zikabandikana fosfeti zenyewe kwa zenyewe, na chembe nyeupe zikaongezeka ovyo.

Imatinib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huziba mahali pa ATP. Iligeuza CML kuwa ugonjwa ambao wengi huishi nao kwa vidonge vya kila siku. Lakini amino asidi ya nafasi ya 315 katika ABL1 ikibadilika kutoka treonini kuwa isolusini, dawa haiingii tena.

Asciminib, dawa ya mwaka 2021, haigusi kabisa mahali pa ATP. Huingia kwenye kile kishimo cha mafuta na kuirudisha breki. Hata badiliko la 315 halifui dafu mbele yake, ila kipimo hupanda: kutoka miligramu 80 kwa siku hadi 200 mara mbili kwa siku.