Usiniambie "Kasome Kitabu Kwanza"

Mwezi huu nimeambiwa mara tatu. Kwanza na mwalimu wa fasihi hapa Kisumu, halafu na kijana aliyesomea uigizaji, na Jumamosi iliyopita mjini Nakuru, na bwana mmoja wa makamo aliyesimama baada ya onyesho akatangaza: "Wasioielewa filamu hii hawajasoma riwaya. Wakasome kwanza." Ukumbi ukampigia makofi. Mimi niliyeandika mswada wa filamu yenyewe nilikuwa nimekaa safu ya pili, na makofi yale yaliniuma kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa. Alidhani ananitetea.

Kazi yangu ni kugeuza vitabu teule, yaani vile vinavyotahiniwa shuleni, kuwa filamu fupi na michezo ya jukwaani tunayoizungusha shuleni, kuanzia Nakuru hadi Busia. Watazamaji wangu wengi ni wa kidato cha tatu na cha nne, wanaojiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi yenye alama 80. Kwa hiyo hoja ya kwamba "hawa wameshasoma" nakutana nayo kila wiki. Kwanza si kweli. Wengi wameishia sura ya nne, na wengine wamesoma mwongozo tu. Lakini hata kama wangeikariri riwaya yote, bado ningesema filamu isiyoeleweka bila kitabu haijaisha kutengenezwa.

Nikueleze kisa cha ufunguo. Katika riwaya moja tuliyoishughulikia, mama anampa kitindamimba wake ufunguo wa duka. Kabla ya hapo mwandishi ametumia kurasa tatu kutueleza kwamba ufunguo ule ulikuwa wa kifunguamimba aliyezama ziwani, na kwamba tangu msiba mama hajamruhusu mtu kuushika. Tukio lile tulilipiga kwa uangalifu mkubwa: mkono wa mama, ufunguo, kiganja cha mtoto, machozi. Tulipoionyesha filamu katika shule moja ya wasichana, kidato cha nne kizima kilishusha pumzi kwa pamoja. Nikaridhika. Halafu mpishi wa shule, mama mtu mzima aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni na mwiko mkononi, akanifuata nje.

"Mwalimu, samahani. Yule mama alikuwa analilia ufunguo?"

Alikuwa ametazama dakika 40 bila kubandua macho. Na yeye mwenyewe, aliniambia baadaye, amewahi kuzika mwana. Kama kuna mtu pale ambaye tukio lile lilikuwa lake, ni yeye, nami nilimfungia nje. Kilichowagusa wale wasichana walikuja nacho kutoka darasani. Filamu yangu iliwakumbusha tu.

Tulirudi Dunga, ufukweni hapa Kisumu, tukapiga shoti tatu. Katika ya kwanza, kifunguamimba anaingia jioni na kuangika ufunguo kwenye msumari kando ya mlango, bila hata kuutazama, kama mtu aliyefanya hivyo miaka yote. Katika ya pili, baada ya matanga, mdogo wake anaunyoshea mkono, na mama anaukamata ule mkono na kuushusha polepole. Ya tatu ni msumari mtupu, na chini yake ukutani alama ya rangi ambayo haikufifia kwa sababu ufunguo uliifunika. Jumla sekunde 14. Hakuna neno hata moja.

Hapa ndipo wenzangu wanaponichosha. Nikisema filamu ieleweke, wao husikia "eleza kila kitu." Basi wanaleta sauti ya msimulizi inayosoma aya nzima za kitabu juu ya picha ya mtu anayetembea. Au wanamwandikia mhusika maneno kama "Kama ujuavyo, ndugu yangu, baba yetu alifariki miaka mitano iliyopita." Hakuna ndugu anayemwambia nduguye hivyo! Mwaka 1984, filamu ya kwanza ya Dune, iliyotokana na riwaya, ilipotoka Marekani, baadhi ya kumbi ziliwagawia watazamaji karatasi ya orodha ya maneno na maana zake. Karatasi ile na ile kauli ya "kasome kwanza" ni mama mmoja baba mmoja. Zote mbili zinamtuma mtazamaji nje ya filamu akatafute kilichopaswa kuwa ndani.

Kutojua ni kitu kimoja, kutoelewa ni kingine. Pita soko la Kibuye siku yoyote ukutane na wanawake wawili wanagombana. Hujui deni lilianza lini. Hujui majina yao. Lakini baada ya nusu dakika umeshajua nani anadai, nani ana aibu, na yule wa tatu anayepanga nyanya zake upya ingawa zilikuwa zimepangika, yeye anajua jambo na hataki kuulizwa. Hujaambiwa historia yoyote, na umeelewa. Filamu inataka hicho. Ninachodai ni kidogo mno: mtazamaji ajue huyu mtu anataka nini sasa hivi, na kwa nini akikikosa itamuuma. Mengine ayakisie, ayakose, au akayapate kwenye riwaya akipenda. Fumbo silikatai kabisa, mradi liwe fumbo la filamu yenyewe. Likiwa ni fumbo kwa kuwa jibu lake lilibaki ukurasa wa 140, hilo ni pengo, na tusilipambe kwa jina la usanii.

Na aliyesoma hawezi kuliona pengo hilo. Akili yake inaliziba kabla hajagundua kwamba lipo. Mimi mwenyewe riwaya ile ya ufunguo nilikuwa nimeisoma mara sita, mhariri wa video mara mbili, waigizaji wote walikuwa nayo mkobani, na hakuna mmoja wetu aliyeuliza swali la mpishi. Tangu siku ile mkato wa kwanza wa filamu naonyesha watu ambao hawajakisoma kitabu: jirani, fundi wa viatu, kijana wa bodaboda anayenibeba. Siwaulizi kama wameelewa, maana kila mtu atakujibu ndiyo kwa heshima. Nawaomba wanisimulie. Mahali wanaposema "halafu sijui ikawaje" ndipo ninaporudi kazini.

Kuhusu uaminifu kwa kitabu sina mengi. Ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja kwenye skrini, na riwaya ina kurasa mia mbili. Lazima ukate. Wanuri Kahiu alipotengeneza Rafiki, iliyotoka mwaka 2018, aliianzia kwenye hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree. Hadithi ile ni ya Uganda, na ni mwanamke anayezungumza na mpenzi wake aliye mbali. Filamu ikahamia Nairobi, majina yakabadilika. Wengi walioitazama hata hawajui kwamba kuna hadithi nyuma yake, na hawakupotea njia.

Sasa niseme linalonikosesha usingizi. Tangu mwaka jana naandaa mchezo wa Lwanda Magere, shujaa wa ngano ya Waluo. Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba mwili wa shujaa yule wa Kano ulikuwa jiwe, kwamba mikuki ya adui haikumwingia, na kwamba uhai wake ulikuwa kwenye kivuli, siri aliyoitoa mwenyewe kwa mke aliyetoka kwa maadui, alipougua na kumwambia amchanje dawa kivulini. Katika rasimu yangu kivuli hakitajwi kabla ya ugonjwa. Mke anaingia na taa tu, kivuli cha mume kinapanda ukutani. Tulipofanya mazoezi Kondele mbele ya majirani, mzee mmoja alinyanyuka kwenye kiti akamwambia mwigizaji kwa Kijaluo azime ile taa, sasa hivi, aizime.

Sijawahi kupata kitu kama hicho katika kazi yangu yoyote. Na kimetokana na jambo lile lile ninalolipinga: mzee alikuja akijua. Naweza kujitetea kwamba ngano ni mali ya wote na riwaya ni ya aliyeinunua. Lakini darasa lililosoma kitabu kimoja mwaka mzima lina tofauti gani na kijiji chenye ngano moja? Wale wasichana walioshusha pumzi, je, walikosea? Nimelizungusha swali hili kwa miezi, na kila jibu ninalolipata linavunjika nikimkumbuka yule mzee.

Nimeandika toleo la pili. Linaanza na mtoto anayekimbizana na wenzake kwenye jua la jioni, wakikanyagana vivuli, na nyanya anayewakataza kwa ukali usiolingana na mchezo wenyewe. Dakika moja hivi. Hofu yangu ni kwamba dakika hiyo itampunguzia mzee wa Kondele ile taa. Mazoezi ni Alhamisi. Mzee amekubali kuja, na mama mpishi, ambaye kwao ni Bungoma na ngano hii hajawahi kuisikia, nimemtumia nauli. Nimewawekea viti safu moja.