Kompyuta Inayojizima Ovyo: Chunguza Kwanza Inavyozima

Kompyuta ikianza kujizima bila sababu, watu wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Mimi kazi yangu ni vifaa, na kabla sijashika bisibisi nauliza: inazimaje? Jibu la hapo hupunguza washukiwa haraka kuliko programu yoyote.

Ikikata ghafla, skrini nyeusi, hakuna ujumbe, nafikiria joto au pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power, na wengi wakiliona tu wanakwenda kununua pawa saplai. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu, halimtaji mkosaji. Angalia kwanza nyuzijoto na feni. Kama ziko sawa, ipe prosesa kazi nzito peke yake, halafu kadi ya picha peke yake, halafu zote mbili kwa pamoja. Ikihimili moja moja ikaanguka kwa zote mbili, pawa saplai ndiyo naishuku. Laini yake ya volti 12 inatakiwa ibaki kati ya 11.4 na 12.6, na ipimwe mzigo ukiwepo. Lakini mita ya kawaida haioni umeme unaoshuka kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo uthibitisho ni kuweka pawa saplai nyingine iliyo nzima. Ya zamani usiifungue: kapasita zake hubaki na chaji hata ikichomolewa.

RAM mbovu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ina tabia nyingine kabisa, nayo ndiyo inayosumbua watu muda mrefu zaidi. Skrini ya bluu inakuja na ujumbe tofauti kila mara. Leo inalaumu draiva, kesho inalaumu faili la mfumo. Brauza inajifunga yenyewe. Faili la zip linakataa kufunguka, unajaribu tena lile lile, linafunguka. Makosa yakirukaruka hivyo, siulizi programu ipi imeharibika; nawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi na kuiacha usiku kucha. Hapa sivumilii hata kosa moja.

Kosa likitokea, usitupe RAM bado. Zima XMP (mpangilio unaoiongezea RAM kasi) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, urudie kipimo, maana mara nyingi RAM ni nzima ila imelazimishwa kasi isiyoiweza. Ikiendelea, jaribu RAM moja moja kwenye sloti ile ile. Kosa likiifuata RAM, umeipata. Likibaki na sloti, tazama madabodi, na pia prosesa, kwa sababu siku hizi kidhibiti cha RAM kimo ndani yake. Pini moja iliyopinda kwenye soketi inatosha.

Mashine inayoganda huku kishale cha mausi bado kinatembea, mimi hukagua diski. Soma SMART, ripoti ya afya ya diski yenyewe: idadi ya sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu na zinazosubiri kuhamishwa ikizidi kupanda, uchunguzi nauacha hapo hapo, nanakili data kwanza.