Kwa nini Mombasa huswali kuelekea kaskazini, Muscat magharibi, na New York kaskazini mashariki?

Nimekulia Tanga, na Tanga mtu haulizi kibla kiko wapi. Bahari ikiwa mkono wako wa kulia, umeshaelekea. Ndivyo nilivyofanya jioni ya kwanza nilipofika Ujiji kwa shughuli ya ndugu. Adhana ya Magharibi ilipotoka nikatandika mswala, nikauweka wekundu wa jua lililozama ziwani mkono wa kushoto, nikainua mikono nihirimie. Mzee mwenye nyumba akanishika bega.

"Mwanangu, hapa si Tanga."

Akainama, akavuta pembe ya mswala, akaupindisha upande wa kulia. Si sana. Ukitazama uso wa saa, ni kama mshale wa dakika ukitoka juu kabisa ukasimama baina ya dakika ya tatu na ya nne. Nikaswali nilivyoelekezwa, lakini swali likabaki: kama sote tunaelekea Makka, huo mpindo unatoka wapi?

Jibu ni kwamba kibla si upande wa dunia, ni mahali. Ni jengo moja la mawe lenye umbo la mchemraba, la urefu wa mita 13 hivi kwenda juu, linalofunikwa kitambaa cheusi kiitwacho kiswa, katikati ya Msikiti Mtakatifu wa Makka. Kila Mwislamu anayeswali huelekea Kaaba kutoka pale alipo. Kwa hiyo ukiwatazama kutoka juu saa ya swala, hungeona mistari inayokwenda upande mmoja, ungeona duara juu ya duara zinazozunguka nukta ile. Walio Makka huiona duara hiyo kwa macho, kwani ndani ya msikiti ule safu zenyewe zimepinda.

Sasa tazama ramani. Kaaba iko karibu na longitudo ya nyuzi 39.8 mashariki. Mombasa iko kwenye 39.7. Yaani Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja unaopanda kutoka kusini kwenda kaskazini, na kati yao ni kilomita 2,800 hivi. Dar es Salaam, Tanga na Unguja nazo zimekosea mstari huo kwa nyuzi moja au chini yake. Ndiyo maana kutoka Lamu hadi Kilwa misikiti ya zamani ina kibla chake, lile tao la ukutani anamosimama imamu, kwenye ukuta wa kaskazini. Msikiti wa Kizimkazi huko Unguja una maandishi ya Kiarabu cha Kikufi kwenye kibla chake yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 Miladia. Waliojenga pale hawakuwa na setilaiti, na jiografia iliwarahisishia kazi.

Mazoea haya yaliingia hadi kwenye lugha. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, hasa cha mabaharia, "kibla" ilikuwa pia na maana ya kaskazini, na kusini ikiitwa "suheli," jina la nyota inayoonekana upande huo. Neno lenye maana ya "pale anapoelekea mwenye kuswali" likawa jina la pembe ya dunia. Kwa Mswahili wa Mombasa hilo halikuleta taabu. Ila ukilibeba neno hilo hadi Kinshasa utapotea, maana kule kibla kiko kaskazini mashariki. Ukifika Muscat, walikorudi na kuhamia jamaa wengi wenye asili ya Zanzibar, Makka iko karibu sawasawa na magharibi. Bibi aliyeswali miaka yote akiielekea kaskazini huanza uzeeni kuelekea jua linakozama, na ni Kaaba ile ile.

Kibla chenyewe kiliwahi kubadilika. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, Waislamu waliswali kuelekea Baitul Maqdis, yaani Jerusalem, kwa muda wa miezi 16 au 17. Kisha ikashuka aya katika sura ya Al-Baqara ikimwamrisha aelekeze uso wake upande wa Msikiti Mtakatifu. Kumbuka Madina iko kati: Jerusalem iko kaskazini yake, Makka kusini. Kubadili kibla hakukuwa kupindisha mswala kama alivyofanya mzee wangu wa Ujiji, kulikuwa kugeuka nyuma kabisa. Hadithi iliyomo katika Bukhari, mkusanyo mashuhuri wa hadithi za Mtume, inasimulia kwamba watu wa Quba, kando ya Madina, walikuwa katikati ya swala ya Alfajiri alipokuja mtu kuwapa habari, nao wakageuka hapo hapo wakiwa ndani ya swala. Madina hadi leo kuna msikiti uitwao Masjid al-Qiblatayn, Msikiti wa Vibla Viwili.

Hapo ndipo asiye Mwislamu huuliza, na ana haki ya kuuliza: je, mnaabudu jengo? Hapana, na jambo hili ndilo shina la dini yenyewe. Nguzo ya kwanza ya Uislamu ni shahada: kukiri kwamba hapana mungu ila Allah, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Zinazofuata ni swala tano, zaka, funga ya Ramadhani na hija kwa mwenye uwezo. Kaaba huonekana katika mbili kati ya hizo, kwenye swala kwa kuelekewa na kwenye hija kwa kuzungukwa, lakini haiombwi kitu. Khalifa Umar bin al-Khattab alipolibusu Jiwe Jeusi lililo kwenye pembe yake alisema wazi kwamba anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau hakumwona Mtume akilibusu asingelibusu. Na sura ile ile ya Al-Baqara inasema mashariki na magharibi zote ni za Mwenyezi Mungu, na kwamba wema si kuelekeza nyuso upande huu au ule. Kibla kinawakusanya watu, anayeabudiwa hana upande.

Lakini katika maisha ya kila siku kibla kinagusa mengi kuliko rakaa 17 za faradhi. Mchinjaji humlaza mnyama kuelekea huko. Fundi wa pwani anayejua kazi yake huuliza kibla kabla ya kuchimba msingi wa choo, kwa sababu mtu hatakiwi kuelekea wala kukipa mgongo kibla akiwa hajani. Kwa hiyo choo cha Tanga hutazama mashariki au magharibi. Na siku ya mwisho, maiti hulazwa kwenye mwanandani kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kaaba. Kwa Mombasa au Dar, hii maana yake ni kichwa mashariki na miguu magharibi. Simama makaburini utaona makaburi yamelala yote namna moja, hata yale ambayo majina yake yamefutika.

Kigumu ni pale unapokuwa mbali. New York iko kaskazini zaidi ya Makka, na ukichora mstari kwenye ramani ya ukutani utaambiwa uelekee kusini mashariki. Waislamu wengi wa kule huelekea kaskazini mashariki, na jambo hilo limezua mjadala mrefu Amerika ya Kaskazini. Usiwacheke. Chukua chungwa na uzi. Weka alama mbili juu ya chungwa, zote upande wa juu na zikiwa mbalimbali, kisha vuta uzi ukaze kati yake. Utaona uzi unapanda kuelekea kikonyo kabla ya kushuka. Njia fupi juu ya kitu cha mviringo haifanani na mstari wa kwenye karatasi iliyonyooshwa. Hesabu hizi ndizo zilizowashughulisha wanajimu wa Kiislamu kwa karne nyingi. Al-Biruni, katika karne ya 11, alipima latitudo na longitudo kwa lengo la kupata kibla cha mji wa Ghazna, na elimu ya pembetatu za kwenye tufe ilikua sana kwa mahitaji ya namna hiyo.

Asiyejua na asiye na wa kumuuliza? Anajitahidi kwa dalili alizonazo, jua, nyota, msikiti wa jirani, kisha anaswali. Mgonjwa asiyeweza kugeuzwa huswali alivyo. Msafiri anaruhusiwa kuswali sunna juu ya kipando kokote kinakoelekea, kama Mtume alivyofanya juu ya ngamia wake. Mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipopanda kwenye kituo cha anga za juu, wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo: aelekee Kaaba akiweza, la sivyo anga iliyo juu ya Kaaba, la sivyo dunia, la sivyo popote. Utaratibu wenyewe si mpya, ni ule ule wa mgonjwa na msafiri.

Simu nyingi sasa zina dira ya kibla, na ni nzuri mpaka ukae karibu na nondo au uwe na kava lenye sumaku. Mimi nina njia ninayoipenda zaidi. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya Kaaba. Saa za Makka na zetu za Afrika Mashariki ni moja: Mei ni saa sita na dakika 18 mchana, Julai ni saa sita na dakika 27. Dakika hiyo, popote jua linapoonekana, anayelielekea ameielekea Kaaba. Chomeka kijiti wima penye ardhi sawa. Kijiti cha mita moja kikiwa Dar kitatoa kivuli cha nusu mita hivi kikilala kusini; simama kwenye ncha ya kivuli, tazama shina la kijiti, hicho ndicho kibla. Julai iliyopita nilimpigia simu mzee wa Ujiji nikamwomba achomeke chake uani. Alirudi kwenye simu baada ya muda, akacheka.

"Mswala wangu haujapinda, mwanangu. Angalia wa kwenu."