Je, wajua kwa nini kiongozi wa mashtaka aliyestaafu huweza kuitwa tena kortini?

Asubuhi moja nilimsindikiza shangazi yangu kwenye korti ndogo huku magharibi, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu kutoka Kisumu. Alikuwa mlalamishi. Jirani alimkata mkono kwa panga walipogombania mpaka wa shamba. Siku hiyo daktari alikuwa aje kutoa ushahidi kuhusu P3, ile fomu ambayo polisi hukupa uende nayo hospitalini ili iandikwe umeumia wapi na kwa kiasi gani. Daktari aliyeijaza alikuwa amehamishiwa kaunti nyingine, kwa hiyo akaja mwenzake.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya kusikika. Shahidi alipomaliza kuapa, akamwambia moja kwa moja: "Daktari, toa hiyo P3 iwe kielelezo." Wakili wa mshtakiwa akasimama papo hapo. Huyu siye aliyeijaza, akasema, sasa ataizungumziaje? Hakimu akamgeukia kijana. Kijana akapekua faili, akapekua tena, akanyamaza. Kesi ikaahirishwa kwa miezi miwili. Shangazi alikuwa ameuza kuku wawili kupata nauli.

Kwenye benchi letu aliketi mzee aliyekuja kwa ajili ya kesi ya jamaa yake. Tulipotoka nje alitukuta chini ya mti, akatuambia kwamba kabla ya kustaafu aliendesha mashtaka kwa miaka mingi. Akainua vidole vitatu. "Maswali matatu tu, mama. Daktari, ulifanya kazi na mwenzako aliyeijaza kwa muda gani? Mwandiko wake unaujua? Na sahihi hii, ni yake? Hapo P3 inaingia."

Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 77, inaruhusu ripoti ya daktari itumike katika kesi ya jinai, na maswali kama hayo ndiyo korti zetu zimezoea kuyasikia pale ripoti inapoletwa na mtu mwingine. Sina shaka kijana alikisoma kifungu hicho chuoni. Alichokosa ni mtu wa kumnong'oneza kabla hajafungua kinywa.

Tangu siku hiyo, nikisikia mjadala kuhusu kuwarudisha waendesha mashtaka wastaafu kwa muda, akili yangu hurudi kwenye benchi lile. Mtu akishaagwa kwa keki na hotuba, anarudije kusimama mbele ya hakimu kwa niaba ya Jamhuri? Na kwa nini aitwe, ilhali mawakili vijana wamejaa?

Tuanze na sheria. Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akifika miaka 60. Kabla ya 2009 ilikuwa 55. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017, kifungu cha 80, inasema waziwazi kwamba akishafika umri huo hapaswi kuongezewa muda. Lakini kifungu hichohicho kimeacha mlango. Baada ya kustaafu anaweza kuchukuliwa kwa mkataba ikiwa ana ujuzi adimu unaohitajika wakati huo, ikiwa mwenyewe yuko tayari, na ikiwa umri haujamdhoofisha kazini. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kuongezewa muda ni kukalia kiti ambacho mwingine anakisubiri. Mkataba ni kuondoka, kuchukua kiinua mgongo chako, kisha kurudi kwa kazi yenye mwisho unaojulikana.

Neno la kulitazama hapo ni "adimu". Uzoefu wa miaka mingi pekee hautoshi, kwa sababu kila anayestaafu anao.

Kwa mwendesha mashtaka kuna kizingiti cha pili. Sheria ya taratibu za kesi za jinai, kifungu cha 85, humruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, yaani DPP, kumteua kwa maandishi wakili wa Mahakama Kuu au mtu aliye katika utumishi wa umma aendeshe kesi fulani. Mstaafu hayumo tena katika utumishi. Basi ama aje kama wakili mwenye cheti cha mwaka huo cha kufanya kazi ya uwakili, ama mkataba umrudishe kwanza katika utumishi. Na akishateuliwa, maagizo yake yanatoka kwa DPP, ambaye chini ya kifungu cha 157 cha Katiba haelekezwi na mtu yeyote.

Huenda mtu akasema hizo ni karatasi tu. La hasha. Mwaka wa 2003 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ambayo wanasheria wanaiita Elirema. Sheria ya wakati huo ilitaka polisi anayeendesha mashtaka awe na cheo cha inspekta msaidizi kwenda juu, na katika kesi ile aliyesimama kwa sehemu ya ushahidi alikuwa koplo. Mahakama ikasema kesi nzima ni batili. Baada ya hapo wafungwa wengi walikata rufaa kwa hoja hiyohiyo, na wapo waliofaulu. Wizi wa mabavu, mashahidi waliotoka mbali, miaka ya kusubiri, yote yakaanguka kwa sababu ya cheo cha aliyekuwa akiuliza maswali. Kwa hiyo mstaafu akirudi kortini, barua yake ya uteuzi ni sehemu ya kesi kama ulivyo ushahidi wenyewe. Ikiwa na kasoro, wakili wa mshtakiwa ataiona kabla ya wewe kuiona.

Sasa pengo lenyewe lilitoka wapi? Hadi Katiba ya 2010, korti nyingi za mahakimu ziliendeshewa mashtaka na mainspekta wa polisi. Katiba ikaitoa kazi hiyo chini ya Mwanasheria Mkuu na kuiweka katika afisi huru, sheria ya afisi hiyo ikapitishwa 2013, na mawakili wakaanza kuchukua nafasi za mainspekta korti baada ya korti. Nayaunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Polisi anayekamata, anayepeleleza na anayeshtaki wakiwa nyumba moja, mshtakiwa amwendee nani? Ila mainspekta wale walipoondoka waliondoka na jambo moja: walilijua faili la polisi kwa ndani. Walijua kwamba taarifa ya shahidi iliyoandikwa siku tatu baada ya tukio itashambuliwa. Walijua kulinganisha saa iliyo kwenye OB, lile daftari la matukio la kituo cha polisi, na saa ya kukamatwa kabla wakili hajafanya hivyo. Mawakili vijana wengi waliingia kwa kipindi kifupi, na huwezi kufundishwa hayo na mwenzako mliyeajiriwa naye mwezi mmoja.

Tazama nguo yenye damu kutoka Siaya. Afisa mpelelezi anaifunga, anaitia alama, anajaza hati ya kuisindikiza, anaipeleka kwenye maabara ya Mkemia wa Serikali hapa Kisumu. Inapokewa, inapimwa, ripoti inaandikwa, nguo inarudi stoo ya kituo. Miezi baadaye inatolewa kortini ndani ya bahasha ya kaki. Kila mkono ulioishika ni swali. Aliyeipeleka ni yule aliyeandikwa? Alama iliyo kwenye bahasha ndiyo iliyo kwenye ripoti? Mwendesha mashtaka mkongwe hulikamata tatizo hilo faili likiwa bado mezani kwake, akalirudisha kwa mpelelezi likarekebishwe kama linarekebishika, au akashauri kesi isifunguliwe kabisa. Kazi hiyo haionwi na mtu, wala haiandikwi magazetini, nami naamini ndiyo yenye thamani kubwa kuliko hotuba yoyote ya mwisho wa kesi.

Vivyo hivyo kwa mtoto aliyenajisiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaruhusu shahidi dhaifu atoe ushahidi akikingwa asimwone mshtakiwa, au kupitia mtu wa kumsaidia kusema. Kuijua sheria hiyo ni dakika kumi za kusoma. Lakini kujua uanze na swali gani ili mtoto wa miaka saba asikauke mbele ya watu wazima waliovaa suti, hilo hulipati kitabuni. Unalipata kwa kumtazama anayelijua akilifanya.

Hata hivyo, si kila pengo linazibwa na mzee. Oktoba 2022 DPP aliidhinisha maafisa wa polisi washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu, kwa ukatili uliotendwa Kisumu baada ya uchaguzi wa 2017. Miongoni mwa waliouawa ni mtoto wa miezi sita wa Nyalenda ambaye Kisumu nzima inamkumbuka. Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ilikuwepo tangu 2008, lakini haikuwa imewahi kutumiwa hivyo nchini. Basi mstaafu aliyeendesha kesi za mauaji kwa miaka 30 anajua kumthibitisha aliyeshika rungu. Kuthibitisha kosa la kamanda ambaye hakushika chochote, na kwamba mashambulizi yalienea au yalipangwa, ni fani nyingine. Hapo anatafutwa mtu aliyefanya kazi katika mahakama ya kimataifa kama ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha hadi 2015. Huyo ndiye adimu kwa maana halisi ya sheria.

Na kuna pengo linaloelekea upande wa pili. Kesi nyingi za siku hizi zimo ndani ya simu: ujumbe wa WhatsApp, taarifa za M-Pesa, picha za kamera. Ushahidi wa aina hiyo huandamana na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza mtambo uliotoa nakala na jinsi ilivyotolewa. Cheti kikisahaulika, taarifa za M-Pesa zinaweza kukataliwa hata kama zinasema kweli tupu. Katika hili kijana mara nyingi yuko mbele, na mstaafu asiyekubali kufundishwa na mtu wa rika la mwanawe hafai kuitwa.

Nasikia pia kilio cha vijana waliomaliza masomo ya sheria na hawana kazi. Kilio hicho ni cha haki. Kama mkataba wa mstaafu unaziba nafasi ambayo kijana angeajiriwa, basi ni dhuluma, tena inaacha pengo palepale mzee atakapoondoka mara ya pili. Kwangu mimi mkataba unaofaa unataja kesi zenyewe, unataja tarehe ya mwisho, na unataja mawakili vijana wawili au watatu watakaokaa naye meza moja kuanzia kusoma faili hadi hukumu. Wala asiwekwe Nairobi kwenye kesi za vigogo tu. Apelekwe Nyando, Butere, Sirisia, kule ambako mlalamishi anauza kuku ili afike.

Tena awe upande mmoja. Wastaafu wengi hufungua afisi za uwakili, na hilo halina ubaya. Lakini anayemtetea mshtakiwa Jumatatu Kakamega hawezi Jumatano kusimama Bungoma kwa niaba ya Jamhuri, huku wapelelezi walewale wakimletea mafaili. Wala mkataba wake usiwe wa kufanywa upya kila miezi mitatu kwa hisani ya mtu, kwa maana anayehofia tarehe ya mkataba atahofia pia kusema kwamba kesi fulani haina ushahidi.

Siku ile, kabla ya kuondoka, mzee aliingia tena ndani. Tulimwona kwenye korido karibu na dirisha la masjala, amesimama na yule kijana, faili limefunguliwa baina yao. Kijana alikuwa akiandika. Miezi miwili baadaye daktari yuleyule akapanda kizimbani. Kijana akamuuliza walifanya kazi pamoja kwa muda gani. Akamuuliza kuhusu mwandiko. Akamwonyesha sahihi. Wakili wa mshtakiwa hakusimama, na hakimu akaandika P3 ya shangazi kuwa kielelezo namba 1.