Nyumba iliyomtoa Umm Kulthum

Kwa sisi tunaofundisha uimbaji wa taarabu hapa Unguja, jina la Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, halipiti wiki bila kutajwa. Kisa chake, hata hivyo, huwa tunakisimulia kwa haraka mno: binti maskini wa shamba, Mungu kamjaalia sauti, kaenda Cairo, kawa nyota wa Waarabu wote. Sauti alijaaliwa, hilo halina ubishi. Lakini nikiyatazama maisha yake kwa jicho la mwalimu, kinachonivutia zaidi ni ile nyumba iliyomfanyia kazi kwa miaka kabla Cairo haijamjua, na namna ilivyofika siku ikabidi awaondoe jukwaani watu wa nyumba hiyo hiyo.

Baba yake, Sheikh Ibrahim al-Baltaji, alikuwa imamu wa msikiti wa Tammay al-Zahayra, kijiji cha Dakahlia kwenye delta ya Mto Nile. Kipato cha msikiti hakikutosha, kwa hiyo alizunguka kwenye harusi na hafla za vijiji jirani akisoma kasida na maulidi pamoja na mwanawe Khalid na mpwa wake Sabir. Mazoezi yalifanyika nyumbani. Aliyekuwa akifundishwa ni Khalid. Binti alikuwa akisikiliza tu. Siku baba alipomsikia akiyaimba yale yale aliyokuwa akimfundisha kaka yake, alimtia kundini. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mara ya kwanza kuimba mbele ya watu, nyumbani kwa mkuu wa kijiji, alishawishiwa kwa bakuli la muhalabia. Mimi nimeshampandisha mtoto jukwaani kwa ahadi ya aiskrimu, kwa hiyo Sheikh simcheki.

Alipitia chuo cha Qur'ani pia, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu wanapoteleza. Anayesoma tajwidi, yaani taratibu za kuisoma Qur'ani, anafunzwa kila herufi itoke mahali pake: ain na ha kooni, qaf nyuma kabisa ya ulimi, nuni na mimu zenye shada, yaani zilizokazwa, zishikiliwe puani kwa mvumo wa ghuna wa harakati mbili, yaani muda wa vokali fupi mbili. Mada, yaani kuivuta sauti, ina vipimo vyake, harakati mbili, nne, hata sita, na haivutwi kwa sababu tu msomaji ana pumzi. Halafu kuna wakfu, yaani kusimama. Huwezi kusimama popote. Unasimama pale maana inapokubali. Hapo pumzi inakuwa jambo la kupangwa kabla hujafungua mdomo.

Sasa msikilize Umm Kulthum. Hamezi mwisho wa neno. Anaweza kuurudia mstari mmoja mara nyingi, kila mara kwa njia nyingine, na kila mara maneno unayasikia yote. Hakati neno katikati eti pumzi imemwishia. Mwanafunzi aliyesoma vizuri chuoni humtambua kwenye beti la kwanza kwa sababu hiyo hiyo. (Najua wapo masheikh wasiopenda Qur'ani itajwe pamoja na muziki. Nazungumzia matamshi na pumzi, basi.)

Kulikuwa pia na kazi isiyokuwa ya sauti. Kundi lilitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, baadaye kwa punda, baadaye kwa treni, na baba ndiye aliyepatana bei na wenye shughuli. Ndiye pia aliyemvisha nguo za kiume, koti na kilemba cha Kibedui, kwa sababu binti kuimba mbele ya wanaume wasio ndugu zake lilikuwa jambo la aibu kwa mtu wa cheo chake. Wengi hulisimulia hili kama ujanja wa kuchekesha. Mimi naona mzee aliyebanwa pande mbili: kipaji cha mwanawe hawezi kukizima, na majirani hawezi kuwabadilisha fikra.

Kisha wakaja waliotoka mjini. Sheikh Abu al-Ila Muhammad na Zakariyya Ahmad, mafundi wakubwa wa zama hizo, walimsikia na kushauri ahamie Cairo. Familia ilihamia huko karibu mwaka 1923. Abu al-Ila alimfunza kuielewa kasida kabla ya kuiimba, na mshairi Ahmad Rami, aliyejuana naye 1924, akamfungulia mlango wa diwani, yaani vitabu vya mashairi, za washairi. Baba hakuwazuia. Hilo nalisifu, kwa sababu wazazi wenye ujuzi nusu wa muziki ndio wanaonisumbua kuliko wote, maana kila ninachofundisha Jumanne wanakifundua Jumatano.

Mwaka wa kuwaondoa ndugu jukwaani ni 1926. Mjini alikuwa bado anaimba kwa mtindo wa kijijini: hakuna ala, baba, kaka na binamu wanaitikia. Watu wa Cairo, waliomzoea mwimbaji nyota Munira al-Mahdiyya na majukwaa yake, waliiona sauti ni ya ajabu na kundi ni la shamba. Mwaka huo huo jarida moja lilimchafulia jina, na baba akataka kuwarudisha wote kijijini mpaka rafiki wa familia alipomtuliza. Wakabaki. Na ndugu wakapisha takhti kamili, yaani kundi la wapigaji ala: Muhammad al-Qasabgi kwenye udi, Muhammad al-Aqqad kwenye kanuni (ala ya nyuzi), Sami al-Shawwa kwenye fidla. Miaka miwili tu baadaye santuri yake yenye muziki uliotungwa na al-Qasabgi na maneno ya Rami iliuzika kwa wingi mno. Redio ya taifa ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934, alikuwa miongoni mwa walioimba siku hiyo ya kwanza.

Unguja tulikuwa tumeshafungamana na Cairo zamani. Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza kanuni, na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kikaundwa mwaka 1905. Ila ukimlinganisha Umm Kulthum na Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, unaona jambo la maana. Siti alitoka Fumba, mwana wa mfinyanzi, akiuza vyungu mjini. Alipohamia Ng'ambo, mjini, mwaka 1911 hakuwa na baba imamu wa kumpatanishia bei. Alikuwa na Muhsin Ali aliyemfunza udi na uimbaji, na wenzake Subeti, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban. Wao ndio waliokuwa nyumba yake, na ndio alioandamana nao Bombay mwaka 1928 kurekodi. Kwa hiyo mtoto asiye na ndugu wa kumbeba simkatii tamaa, namtafutia kundi.

Mzazi akiniletea mtoto siku hizi, suala la kinanda nyumbani naliacha kwanza. Namuuliza nani atakayemleta mazoezini na kumrudisha usiku. Namuuliza mtoto amefika wapi chuoni. Na namuuliza, siku nikisema sasa anahitaji mwalimu mwengine na wapigaji wengine, je, atamwachia? Mawili ya mwanzo hujibiwa papo hapo.