Asilimia 100.01: hesabu ya kura inavyosomwa kwenye habari

Tarehe 16 Agosti 2022, siku moja baada ya Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya (IEBC), kutangaza matokeo ya urais katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, makamu mwenyekiti wa tume hiyo, Juliana Cherera, pamoja na makamishna wenzake watatu waliwaambia wanahabari kwamba asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01. Hiyo 0.01 iliyozidi, walisema, ni kama kura 142,000. Kauli hiyo ilirushwa hewani moja kwa moja, na wengi waliisikia kabla ya yeyote kuipiga hesabu. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi ya chumba cha habari inapoanza: namba ikitamkwa, ipigwe hesabu kwanza, maoni yafuate.

Chukua kura zenyewe. William Ruto 7,176,141. Raila Odinga 6,942,930. George Wajackoyah 61,969. David Waihiga Mwaure 31,987. Jumla ya kura halali ni 14,213,027. Asilimia moja ya hizo ni kura 142,130. Asilimia 0.01 ni kura 1,421. Kwa hiyo 142,000 ni asilimia moja nzima, mara mia ya kilichosemwa.

Na hata hizo 1,421 hazikuwa kura za mtu. Gawanya kila idadi kwa jumla, usikate desimali mapema: 50.4899, 48.8491, 0.4360, 0.2251. Ukiziweka katika nafasi mbili za desimali, zote nne zinapanda: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Hakuna hata moja iliyoshuka kufidia nyingine, basi jumla lazima ipite mia. Mtu anaweza kuwa na mashaka mengine halali kuhusu uchaguzi ule, na Mahakama ya Juu iliyasikiliza kabla ya kuidhinisha matokeo tarehe 5 Septemba, lakini hili la 100.01 lilikuwa la kumalizwa na kikokotoo cha simu, kabla ya taarifa ya saa moja jioni.

Siku zilizotangulia, vituo vya televisheni navyo viliwachanganya watazamaji. Tume ilikuwa imeweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo, zikitoka katika vituo 46,229 vya kupigia kura, na kila chombo kikaajiri watu wa kunakili. Huku Ruto anaongoza, kule Raila anaongoza, saa ileile. Wengi walidhani kuna chombo kinachosema uongo. Sababu ya kawaida kabisa ilikuwa mpangilio: chombo kilichoanza na fomu za Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, hakiwezi kulingana na kilichoanza na za Nyanza, ngome ya Raila, mpaka vyote viwili vikaribie mwisho. Asilimia ya fomu chache haitabiri kitu ikiwa fomu hizo hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kila jedwali la matokeo ya muda lioneshe juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko majina ya wagombea, fomu ngapi zimeingizwa kati ya 46,229, na kutoka kaunti zipi. Jedwali lisilo na hilo, usilisome.

Anayenakili fomu ana vizuizi vyake. Mwaka ule kituo kimoja hakikuruhusiwa kuzidi wapiga kura 700 waliosajiliwa. Ukiona kituo kina kura 1,312, kwanza shuku macho yako: picha ni ya giza, 1 imesomwa 7, au tarakimu ya safu ya juu imeshuka. Jumlisha kura za wagombea, ulinganishe na jumla ya kura halali iliyoandikwa kwenye fomu yenyewe. Zisipolingana, mtu wa pili ainakili upya bila kuona kazi ya wa kwanza. Zikiendelea kutolingana, basi kosa limo ndani ya fomu, na hiyo sasa ni habari: angalia sahihi za mawakala wa wagombea na maelezo ya msimamizi wa kituo kabla ya kuandika neno "wizi".

Kinachosahaulika zaidi ni kigawanyo, yaani jumla ya kura unayogawia ili kupata asilimia. Katiba ya Kenya, ibara ya 138, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. "Zilizopigwa" ni zipi? Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa hazihesabiwi. Mwaka 2022 zilikataliwa 113,614. Kwa kura halali pekee, Ruto alipita nusu kwa kura 69,627. Ukiziingiza zilizokataliwa, kigawanyo kinakuwa 14,326,641, asilimia yake inashuka hadi 50.09, na anapita nusu kwa kura 12,820 tu. Mwandishi anayetumia kigawanyo hiki katika aya moja na kile katika aya inayofuata, bila kusema, atampa msomaji wake tofauti ya kura zaidi ya 56,000 ambayo haipo kwenye fomu yoyote.